Zana za somo la majira: shajara ya wiki, Moshi, baridi ikianza

Mradi ni seti ya zana za kufundishia majira ya mwaka, Jiografia kidato cha kwanza. Vitu ni vinne: tufe lililoinama, kijiti cha kivuli, kadi ya tochi na jozi ya vipimajoto. Kikundi ni cha walimu wanafunzi wa mwaka wa pili, chuo kikuu, Moshi mjini. Wiki ni ya kwanza ya Juni: mihadhara bado ipo, mitihani ya muhula inanukia, shule za sekondari ziko likizo, na masweta yameshatoka kabatini. Shule zikifunguliwa Julai kila mmoja anakwenda kituo chake cha mazoezi ya kufundisha. Mwingine atapangiwa Same kwenye vumbi, mwingine Marangu kwenye ukungu, na seti ni ileile.

Masharti yaliyokubaliwa: kila kitu kiingie kwenye boksi moja la karatasi za A4, lile la rimu tano. Kisihitaji umeme. Kikiharibika kitengenezeke kwa vitu vya duka la jirani. Na kinachopatikana shuleni hakibebwi. Sharti hili la mwisho ndilo lililookoa uzito, kwa sababu hakuna shule isiyo na chaki, ndoo, mchanga na mpini wa fagio.

Jumatatu: tufe

Asubuhi saikolojia ya elimu, mchana upimaji na tathmini, kwa hiyo kazi ya mikono imeanza saa kumi jioni. Februari, saa kumi jua bado linakausha. Juni hapa Moshi wingu huwa limeshatanda, upande wa mlima hakuonekani kitu, na karatasi iliyolowa saa kumi itakuwa imelowa vilevile asubuhi. Ratiba ya kubandika imehamishiwa asubuhi kabla ya mhadhara, tabaka moja kwa siku, badala ya matabaka mawili jioni kama vitabu vya kazi za mikono vinavyoelekeza.

Umbo linajengwa juu ya puto la mviringo lililojazwa hadi kipenyo cha sentimita 20. Kipenyo kinapimwa hivi: simamisha vitabu viwili vigumu, puto katikati, kisha pima nafasi iliyo kati ya vitabu kwa rula. Magazeti yanachanwa kwa mkono vipande vya sentimita 2 kwa 8. Yasikatwe kwa mkasi, kwani ukingo uliokatwa huacha ngazi, uliochanika hulala. Kipande kipana zaidi ya hapo hukunjika kwenye mzingo na mkunjo huo utaonekana hata baada ya kupaka rangi, mara nyingi katikati ya Afrika.

Gundi ni uji wa ngano. Unga kikombe kimoja, maji vikombe vitano. Unga unavurugwa kwanza kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Vinne vinachemshwa, mchanganyiko unamiminwa taratibu huku unakorogwa, unaachwa utokote dakika mbili tatu mpaka ung'ae. Chumvi kijiko kimoja cha chakula ili kuchelewesha kuvu. Usizidishe: chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na tufe lenye chumvi nyingi litakuwa na unyevunyevu kila asubuhi ya baridi. Uji usiopikwa nao unashika, ila msimu huu unavunda kabla haujakauka. Wapo wanaotia mrututu kuzuia kuvu. Unazuia kweli, lakini ni sumu, na zana hii itashikwa na watoto ambao wakitoka hapo wanakwenda kula. Haumo kwenye mradi huu.

Sasa tatizo lenyewe la baridi, ambalo mafundi wa zana wa Dar hawalijui. Puto lililojazwa mchana kwenye nyuzi 28 na kulala kwenye nyuzi 16 hupoteza karibu asilimia 4 ya ujazo wake, hata kama halivuji. Kipenyo hupungua asilimia moja na ushee, yaani karibu milimita 3 kwenye tufe la sentimita 20. Tabaka la kwanza likiwa bado bichi, puto hujivuta ndani na karatasi hubaki bila mgongo. Asubuhi unakuta makunyanzi upande wa chini. Dawa yake ni kujaza puto asubuhi na mapema, hewa ikiwa ya baridi, kulifunga, na kubandika hapohapo. Mchana likitanuka linalisukuma tabaka kwa nje, jambo ambalo halidhuru. Anayeweza kupata mpira wa plastiki wa watoto, ule mgumu kidogo, afadhali autumie: upake mafuta ya mgando, bandika, kausha, kata katikati kwa wembe, toa mpira, unga vipande kwa ukanda wa karatasi. Kazi ni ndefu zaidi lakini umbo halibadiliki.

Matabaka matano yanatosha. La tatu likiwa la karatasi nyeupe na la nne la gazeti, unaona mara moja ulipoacha pengo.

Jumanne: vipimajoto

Mbinu za kufundishia asubuhi, kisha maktaba. Zana yenyewe ni rahisi: vipimajoto viwili vya spiriti kwenye ubao mmoja wa sentimita 12 kwa 28, kimoja kikavu, kingine kimevalishwa kitambaa cha pamba kilichotumbukizwa kwenye kichupa cha maji. Maji yanapovukizwa kutoka kwenye kitambaa huchukua joto, hivyo kibichi husoma chini ya kikavu. Hewa kavu, tofauti kubwa. Hewa yenye unyevu, tofauti ndogo.

Kabla ya kufunga, viwili hivyo vinalinganishwa. Barafu ya duka la samaki inapondwa, inatiwa maji kidogo, vipimajoto vinakaa humo dakika tano: vyote visome 0. Vikitofautiana nusu nyuzi, tofauti inaandikwa kwenye ubao kwa kalamu isiyofutika, basi. Kwa maji yanayochemka kuna mambo mawili. La kwanza, vipimajoto vyenye kipimo kinachoishia 50 havitiwi kwenye maji ya moto hata kidogo, vitapasuka. Vinavyofaa ni vya hadi 110. La pili, maji ya Moshi hayachemki kwenye 100. Mji uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 hivi hupunguza nyuzi moja, kwa hiyo usomaji sahihi hapa ni karibu 97. Arusha mjini, mita 1,400, ni karibu 95. Mwalimu asiyejua hili atatupa kipimajoto kizima akidhani kibovu, au vibaya zaidi, atawaambia wanafunzi waandike 100 kwa sababu kitabu kimesema hivyo.

Kitambaa: kipande cha fulana ya zamani iliyofuliwa mara nyingi kinashinda pamba mpya ya dukani, kwa sababu pamba mpya ina mafuta na haipandishi maji. Kichemshe kwenye maji ya sabuni, suuza sana. Kichupa kikae sentimita 3 chini ya balbu na pembeni kidogo, la sivyo unyevu wa kichupa chenyewe utaizunguka balbu na usomaji utapotoka. Maji yawe ya mvua au yaliyochemshwa. Ya bomba huacha magadi na baada ya muda kitambaa hukakamaa.

Matumizi darasani: kikavu kikisoma 18 na kibichi 16, unyevu wa hewa ni kama asilimia 80. Kikavu 28 na kibichi 20, ni karibu nusu ya kiasi ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba. Hiyo ya kwanza ni asubuhi ya kawaida ya Juni hapa, na ndiyo inayoeleza kwa nini jinzi iliyofuliwa Jumapili hosteli bado iko kwenye kamba siku ya Jumanne. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hahitaji jedwali. Anahitaji kuona tofauti ikipanda na kushuka, na kuihusisha na nguo zake za shule.

Upepo lazima uwepo. Ndani ya chumba kilichofungwa kibichi husoma juu kuliko inavyopaswa. Punga daftari mbele ya balbu dakika mbili kabla ya kusoma, na usome kibichi kwanza, maana ukisogeza uso pumzi yako inapandisha vyote viwili.

Jumatano: kijiti cha kivuli

Siku pekee ya wiki isiyo na mhadhara kati ya saa tano na saa nane, na jua limetoka. Mwezi huu vitu hivyo viwili haviji pamoja mara nyingi, kwa hiyo shughuli nyingine zote zimesogezwa.

Seti inabeba vitu vitatu tu: uzi wenye nati nzito (timazi), kadi ngumu yenye tundu la milimita 4, na utepe wa kushonea wa sentimita 150. Vingine ni vya shule. Mpini wa fagio unasimikwa kwenye ndoo ya mchanga uliolowanishwa na kushindiliwa, ncha yake iwe mita 1 kamili kutoka sakafuni. Mchanga mkavu hautoshi, mpini hulala taratibu bila wewe kuona. Timazi inaning'inizwa pande mbili zinazokingamana, siyo upande mmoja. Mpini ukiinama nyuzi moja tu kuelekea kusini, kivuli cha adhuhuri kinaongezeka karibu sentimita 2.

Kwa nini kadi yenye tundu: Jua si nukta. Upana wake angani ni karibu nusu nyuzi, hivyo ncha ya kivuli cha kijiti cha mita moja ina ukungu wa sentimita moja hivi, na watu watano wataweka alama mahali patano. Kadi ikibandikwa kileleni, tundu linatupa doa dogo la mwanga la mviringo, na kila mtu anaona katikati yake.

Alama zinawekwa kwa chaki kila dakika 10, kuanzia saa 5:40 hadi saa 7:20 mchana. Kivuli kifupi kuliko vyote hapa Moshi hakipatikani saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45 Mashariki, Moshi iko kwenye 37 na kidogo, na kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Jua linafika kwetu dakika 30 baadaye, kwa hiyo adhuhuri ya kweli ni saa 6:30 mchana hivi. Mwanafunzi akiuliza kwa nini saa sita siyo katikati ya mchana, somo la longitudo na saa limejifundisha lenyewe.

Urefu unaotarajiwa wiki hii: sentimita 48 hivi, kikielekea kusini. Tarehe 21 Juni utafika karibu 50. Desemba 21 kijiti hichohicho kitatoa sentimita 37 na kivuli kitaelekea kaskazini. Katikati ya hapo, karibu tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba, Jua linapita utosini na kijiti kinabaki na kivuli chini ya ndoo. Namba hizi zinatoka kwenye latitudo ya Moshi, nyuzi 3 na theluthi Kusini; Arusha ni karibu sawasawa, Same iko nyuzi 4 na hutofautiana sentimita moja au mbili tu. Zimeandikwa nyuma ya kadi.

Kaskazini ya kweli inapatikana kwa duara. Chora duara kwa kamba kuzunguka shina la kijiti. Ncha ya kivuli ikiligusa kabla ya adhuhuri, weka alama. Ikiligusa tena baada ya adhuhuri, weka nyingine. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi. Udhaifu wake ni wingu: ukipoteza mguso wa mchana, asubuhi yote imepotea. Hivyo yanachorwa maduara matatu, ya nusu kipenyo cha sentimita 55, 60 na 65, na angalau moja litakamilika. Dira ya simu isitumiwe kama hakimu. Karibu na paa la bati na nondo za zege inapotoka vibaya sana, na ukisogea mita tatu inakupa kaskazini nyingine.

Kama wingu halikutoa nafasi hata ya dakika kumi, zana hii haina mbadala. Andalio la somo linapaswa kuwa na sentensi moja inayosema nini kitafanyika hapo. Iliyoandikwa: rudia kipindi kijacho, endelea na kadi ya tochi.

Alhamisi: ufundishaji mdogo

Kila mmoja anapewa dakika 15. Wanafunzi ni wenzako waliovaa masweta, mkufunzi yuko nyuma na fomu yake ya tathmini. Hatua za andalio ni zilezile za siku zote, zimebanwa tu. Lebo za zana ziko kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kipindi sekondari.

Mambo mawili ya tufe yamejitokeza, yote ya mkono wa mwalimu.

La kwanza ni kuzungusha darasani. Darasa la watu 60, kila mmoja akilishika sekunde 10, ni dakika 10 za kipindi cha dakika 40, na robo tatu ya darasa wakati huo haifanyi chochote. Tufe linabaki mikononi mwa mwalimu au ya mwanafunzi mmoja aliyeitwa mbele. Wengine wana kazi ya kuchora.

La pili ni kubwa zaidi, na linaharibu somo zima. Mwalimu anazunguka meza yenye mshumaa akiwa ameshika tufe, naye anageuka kadiri anavyozunguka. Mhimili unageuka naye. Matokeo yake ncha ya kaskazini inaelekea mshumaa mwaka mzima, na majira hayapo tena. Mhimili wa Dunia unabaki ukielekea upande uleule wa anga popote Dunia ilipo kwenye njia yake. Suluhisho: bandika karatasi yenye nyota juu ya ukuta mmoja wa darasa, na spoku ya baiskeli iliyopita katikati ya tufe ielekee ukuta huo wakati wote, ikiwa imeinama nyuzi 23 na nusu kutoka wima. Tembea kinyumenyume ikibidi. Nusu ya darasa itacheka, na haitasahau.

Kisha likaja swali ambalo kila darasa la Moshi litauliza mwezi wa saba, kwa hiyo limepewa muda mrefu: kwa nini sasa hivi ni baridi? Jibu lililokaririwa na wengi ni kwamba Dunia iko mbali na Jua. Kitabu kinamwambia mwalimu alikatae jibu hilo. Ulaya ni rahisi kulikataa, maana mapema Julai, Dunia ikiwa mbali kuliko wakati wote, kilomita milioni 152 hivi, London ni kiangazi. Na mapema Januari, ikiwa karibu, kilomita milioni 147, London ni baridi kali. Lakini mtoto wa Moshi haishi London. Kwake umbali na baridi vinakuja pamoja kila mwaka, na ukimwambia tu kwamba amekosea, ataandika unachotaka kwenye mtihani na kubaki na imani yake.

Hesabu za kijiti zinasaidia. Adhuhuri ya Juni 21 Jua la Moshi liko nyuzi 63 juu ya upeo. Desemba 21 liko nyuzi 70. Tofauti ya pembe inapunguza mwanga wa adhuhuri kwa asilimia 5 hivi tu. Umbali unaupunguza kwa karibu asilimia 7. Urefu wa mchana unatofautiana dakika 23 tu kati ya Juni na Desemba. Kwa London, Jua la adhuhuri linashuka kutoka nyuzi 62 hadi 15, na mwanga unaoangukia kila mita ya ardhi unabaki chini ya theluthi moja, huku mchana nao ukipungua kwa zaidi ya saa nane. Kwa hiyo mwinamo wa mhimili ndio unaotawala majira ya London. Hapa kwetu unachangia kidogo, umbali nao kidogo, na baridi yenyewe tunayoisikia asubuhi inatoka kwingine: upepo wa kusi unaoleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo kupandishwa na miteremko ya mlima na kuwa wingu, na wingu hilo kukaa juu ya mji likizuia jua mchana kutwa. Wapanda mlima wa mwezi huu huyaacha mawingu chini yao na kukuta jua kali juu. Ongeza mwinuko: kila mita 1,000 hupunguza karibu nyuzi 6 na nusu, ndiyo maana anayepangiwa shule ya jirani na geti la Marangu, zaidi ya mita 1,800, abebe blanketi la ziada.

Somo la majira lililoandikwa kwa mfano wa nchi za kaskazini linaeleza vizuri majira ya huko. Likifundishwa Moshi bila kutaja wingu na kusi, linamwacha mtoto na tufe zuri lisiloeleza sweta alilovaa. Uamuzi wa kikundi: andalio lina vipindi viwili. Cha kwanza ni mwinamo na majira ya dunia, kwa tufe na tochi. Cha pili ni kipupwe chetu, kwa kijiti na vipimajoto. Mkufunzi ameuliza kama muda wa azimio la kazi unaruhusu. Unaruhusu kwa wanaopangiwa vipindi pacha vya dakika 80; wengine watapunguza zoezi la kuchora.

Ijumaa: kadi ya tochi

Haikuchukua muda. Karatasi ya miraba ya sentimita moja imebandikwa kwenye kadi ngumu ya sentimita 20 kwa 28. Tochi ya simu inatawanya mwanga mno, kwa hiyo inapitishwa kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni lililopakwa nyeusi ndani. Shika sentimita 20 kutoka kwenye kadi, hesabu miraba inayomulikwa. Inamisha kadi mpaka mwanga uipige kwa nyuzi 63, hesabu tena: miraba inaongezeka kidogo, kama moja katika kila minane. Inamisha mpaka nyuzi 15: doa linavutika karibu mara nne na kufifia. Hiyo ni Moshi na London kwenye kadi moja. Pembe zimechorwa kwenye ubavu wa boksi lenyewe, ili kadi iegemezwe bila kipimapembe.

Darasa lenye madirisha makubwa linahitaji giza kidogo. Wingu la Juni hapa linasaidia, mara moja kwa mwaka.

Mchana wote uliobaki umekwenda kwenye jaribio la falsafa ya elimu.

Jumamosi: kukausha, kufunga

Kamba za hosteli zimejaa nguo za wiki nzima na jua halijatokea, hivyo matufe hayana pa kuning'inia nje. Hita na majiko ya umeme haviruhusiwi vyumbani, na hata vingeruhusiwa, joto kali upande mmoja hukausha ganda la nje na kufungia maji ndani. Baada ya muda tufe linanuka na doa jeusi linatokea. Kilichofanya kazi ni jikoni kwa mama lishe wa jirani na chuo: matufe yamewekwa juu ya kabati la vyombo, mita mbili kutoka kwenye jiko la mkaa, yakigeuzwa kila baada ya saa. Kupima kama limekauka, ligongwe kwa kucha. Sauti kavu na kali, tayari. Sauti butu, bado. Uzito nao unasema: tufe la sentimita 20 lililokauka ni jepesi kiasi cha kukushangaza.

Rangi isiwekwe kabla ya hapo. Kwanza tabaka la chini la rangi nyeupe ya maji, kisha bahari, kisha mabara kwa kutumia kiolezo kilichokatwa kwenye manila. Mistari ya Ikweta na Tropiki mbili ichorwe kwa uzi uliofungwa kuzunguka tufe, siyo kwa jicho. Vanishi mwishoni, mbili nyembamba, maana tufe lisilo na vanishi likipelekwa Marangu litanyonya ukungu na kulainika, na lililokwenda Same litapasuka kwenye maungio likikauka kupita kiasi.

Waliokwenda soko la Memorial kutafuta masweta ya mitumba wamerudi pia na fulana kuukuu za pamba za kukata vitambaa vya vipimajoto. Moja inatoa vitambaa vya kikundi kizima na vya akiba.

Mpangilio wa boksi: tufe chini likiwa limezungushiwa sweta, kadi ya tochi wima ubavuni, ubao wa vipimajoto juu ukiwa umefungwa kwenye taulo, kichupa kikiwa kitupu. Timazi, utepe na kadi ya tundu kwenye bahasha iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Spoku inatolewa kwenye tufe na kufungwa kwa solatepu kwenye ukingo wa boksi, kwa sababu ikiachwa ndani hutoboa maganda yote mawili gari likiruka tuta.

Yaliyobaki kwa wiki ijayo: vanishi ya pili kwa matufe manne, lebo za mabara, na kurudia kipimo cha kivuli siku yoyote itakayotoa jua kati ya saa 5:40 na 7:20, ili kadi iwe na namba ya pili ya kupimwa na siyo ya kukokotoa.